Kaimu wa Wadi ya Zowe

Swali la kwanza kwenye kishikwambi lilikuwa lile lile la kila asubuhi: Je, hali ya mwenye kiti imebadilika tangu jana? Mwalimu Mwakio alilisoma akiwa amesimama jikoni, kikombe cha chai mkononi. Akabonyeza Hapana. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kioo na kungoja.

Hakuwa amedanganya, ukitaka kuwa mkali wa maneno, na Mwakio alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Ukali huo ndio uliomlisha. Mkewe, Mheshimiwa Mkamburi, mwakilishi wa Wadi ya Zowe katika Bunge la Kaunti ya Kironge, alifariki Jumapili alasiri. Jumatatu asubuhi, kishikwambi kilipouliza kama hali yake imebadilika tangu jana, Mwakio, ambaye hakuwa amelala, alifikiri kidogo akajibu Hapana, maana jana yake mkewe alikuwa amekwisha kufa. Jumanne jibu hilo lilikuwa sahihi zaidi. Jumatano hakufikiri hata kidogo. Leo ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa ameanza kuogopa jinsi lilivyokuwa jepesi kidoleni.

"Umeamkaje, Mwalimu?" sauti ya Mkamburi ilimuuliza.

"Salama."

"Mwenyewe anaendeleaje?"

"Yuko vile vile."

"Amekula?"

"Leo hajala."

"Mlazimishe uji hata vijiko vitatu. Ukimsikiliza yeye atakwambia hana njaa mpaka Krismasi."

Mwakio alicheka, kisha akashtuka kwamba amecheka, akakaa chini. Ilikuwa sauti yake kabisa, na ule mtindo wake wa kumaliza sentensi kwa kushuka kama mtu anayetua ndoo. Lakini haikuwa yeye. Sheria ilimwita kaimu.

Kila mjumbe wa bunge alikuwa na wake. Walitengenezwa mwaka wa kwanza wa homa ya pumzi, wajumbe sita walipougua kwa wiki moja na vikao vikakosa akidi. Mashine ililishwa kila neno ambalo mjumbe aliwahi kusema bungeni, barua zote za wadi yake, na majibu ya maswali mia nne ambayo alikaa akiulizwa siku nne mfululizo: utajenga kisima au zahanati, utamsamehe nani, ni nini kitakufanya ubadili msimamo. Kutokana na hayo yote ukatoka mfano wa mtu, uliokaa kwenye kioo kirefu mahali pa kiti chake, uliosimama kuchangia na kupiga kura iliyohesabiwa sawa na ya mwenye mwili. Ili kaimu asipitwe na mambo, mtu wa nyumbani alimpa habari kila asubuhi, na kwa kidole gumba chake akashuhudia kwamba majibu yake ni ya kweli, maana kaimu ni wa mwenye kiti aliye hai ila hajiwezi. Ushahidi huo ukiondolewa, kaimu huzimika. Kwa hiyo kaimu wa Mkamburi alijua tu alichoambiwa na Mwakio, na Jumapili hakuna kikao, wala hakuna habari.

"Nipe hali ya wadi," kaimu alisema.

Mwakio akampa. Maji yalikuwa yamerudi upande wa kanisani. Kabeji zilikuwa zinaoza kwenye magunia langoni, lori la tatu sasa. Wagonjwa wapya wiki hii walikuwa wawili. Mjukuu wa mtu fulani alivunjika mkono na kufungwa na mganga wa mifupa, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya lango.

"Wawili tu," kaimu alisema. "Basi kura yangu leo ni Ndiyo. Lango libaki limefungwa. Nitaomba pawekwe njia ya kupitisha wagonjwa, lakini hata wakikataa, ni Ndiyo. Mwambie mwenyewe, nisije nikaonekana nimejiamulia."

"Nitamwambia," Mwakio alisema, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alisema uongo mtupu.

*

Kilichopigiwa kura siku hiyo kilikuwa Amri Namba Saba ya Gavana. Amri hiyo ilifanya mambo mawili. Ilifunga malango kati ya wadi za milimani na za tambarare, na iliwaruhusu makaimu kukaa bungeni. Muda wake ulikuwa unakwisha leo saa kumi na moja jioni. Bunge likirefusha, malango yangebaki yamefungwa siku tisini zaidi na makaimu wangeendelea. Likikataa, malango yangefunguliwa na kila kaimu angezimika dakika ile ile.

Mwakio alikuwa akiipiga hesabu hiyo tangu Jumatatu bila kupenda. Siku tisini zilikuwa asubuhi tisini za kuulizwa umeamkaje.

Mama Wakesho, jirani yake, alikuja ukingoni mwa shamba mnamo saa tatu, redio ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa mmoja wa watu watatu waliomsaidia kuzika Jumatatu. Watu wa afya walikuja na mavazi yao meupe, wakaandika namba ya nyumba, wakashusha maiti kaburini, wakaondoka. Orodha ya wafu hupelekwa makao makuu Ijumaa. Mama Wakesho ndiye aliyesawazisha udongo kwa kiganja. Tangu siku hiyo alikuwa akimsikiliza Mkamburi redioni kila alasiri kama kijiji kizima kilivyokuwa kikimsikiliza, na hakuna aliyesema neno.

Hawakunyamaza kwa hila. Kwa watu wa Zowe, mtu akifa, mkubwa wa nyumba alimozaliwa huambiwa kwanza kabla ya mwingine yeyote kulia. Naye haambiwi kwa simu, wala kwa kupigiwa kelele. Huendewa, mtu akaketi naye, akamshika mkono, ndipo akamwambia. Mpaka hapo, msiba unajulikana lakini haujatokea. Mkubwa wa kina Mkamburi alikuwa kaka yake, Mzee Mghanga, naye alikaa Mkongeni, kule tambarare, chini ya lango.

Mwakio alijaribu. Jumanne aliomba aitwe, na Mzee Mghanga akaja upande wake wa lango na koti lake la sufu. Kati yao palikuwa na vizuizi viwili na mita arobaini za lami tupu. Mzee akapaza sauti: "Dada yangu hajambo?" Mwakio alifungua mdomo. Alitazama zile mita arobaini, askari waliokuwa wakisikiliza, wanawake wa kabeji, akapaza sauti naye: "Anaongea bungeni!" Mzee Mghanga akanyanyua mkono kwa fahari na kurudi alikotoka.

"Redio inasema ni kumi kwa kumi," Mama Wakesho alisema sasa. "Watu ishirini wameshajulikana. Amebaki Mkamburi."

"Mkamburi amebaki wapi, Mama Wakesho?"

Mama Wakesho alishika waya wa uzio. "Mimi nilimzika mwanangu Mwadime kabla ya lango," alisema. "Mwezi ule huku milimani tulizika watu thelathini na mmoja. Wajukuu watatu wako pale ndani, na mdogo kifua chake unakijua. Wewe acha tu alama ya kidole pale, Mwalimu. Mwache aseme Ndiyo mara hii moja. Kesho orodha itafika makao makuu na mambo yatajulikana, na hakuna atakayerudisha kura nyuma."

"Amekufa, mama."

"Najua amekufa. Si nilimzika mimi?" Hakusema kwa hasira. "Nakuomba."

Mwakio alisema atafikiri, na hilo ndilo jibu baya kuliko yote kumpa mtu anayekuomba. Alibaki pale ukingoni kitambo baada ya Mama Wakesho kuondoka, akijiuliza ni lini mara ya mwisho alipokuwa na uhakika wa kitu.

*

Kikao kilianza saa nane na nusu. Mwakio alikiegemeza kishikwambi kwenye mtungi wa maji na kuvuta kiti.

Kwenye viti ishirini na kimoja, tisa vilikuwa vioo. Karani alisimama akasoma hoja: kwamba Bunge hili likatae kutorefusha Amri Namba Saba kwa siku tisini.

Palikuwa na kimya cha watu wanaohesabu. Hoja hiyo ilianza Jumatatu ikiwa safi, kwamba Bunge lirefushe. Jumanne wapinzani waliibadilisha ikawa lisirefushe. Kanuni zilikataza kurudisha neno lililobadilishwa wiki ile ile, basi Jumatano upande wa gavana, badala ya kurudisha, ukaongeza likatae. Wote walikwenda nyumbani wakijiona wajanja.

"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika," alisema Mheshimiwa Mwanyumba wa Mkongeni, mtu mnene mwenye mwili wake mwenyewe. "Nikisema Ndiyo, nitakuwa nimekubali kukataa kutorefusha, au nitakuwa nimekataa kukubali?"

"Hata mimi nimepotea," kaimu mmoja alisema kutoka kwenye kioo. "Na mimi nina kumbukumbu nzuri."

Spika Wawuda alivua miwani. "Nasema mara moja. Ndiyo, malango yamefungwa siku tisini. Hapana, yanafunguliwa leo saa kumi na moja. Atakayeuliza tena nitamtoa nje."

"Na aliye kaimu, Mheshimiwa Spika, ukimtoa anakwenda nje ipi?"

Watu walicheka, Spika akaacha wacheke. Mwanyumba hakukaa. Aliuliza kama ni haki makaimu kupigia kura amri inayowapa uhai wao. Spika alifungua kanuni, akafunga, akafungua tena. Alisema kanuni hazisemi. Na zisiposema, kiti ni kiti. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini iliyonaswa na kipaza sauti, kwamba hata yeye hana uhakika.

Mheshimiwa Kilambo, kiongozi wa upande wa gavana, alizungumza kwa tarakimu. Milimani watu thelathini na mmoja kwa mwezi kabla ya lango. Wanne kwa mwezi baada ya lango. "Sijui hesabu nyingine," alisema. "Thelathini na mmoja ukitoa wanne ni watu ishirini na saba wanaopika chakula cha jioni leo."

"Na hao wanne," Mwanyumba alijibu, "wamekufa kwa homa au wamekufa kwa lango? Oksijeni yote ya kaunti iko kwangu Mkongeni. Chakula chote kiko kwenu. Mnatufungia chakula tunawafungia pumzi, halafu tunaita afya."

Mwakio alitikisa kichwa kukubaliana na Kilambo, kisha akatikisa kichwa kukubaliana na Mwanyumba. Alikuwa hivyo wiki nzima. Mkamburi alipata homa kwa dereva aliyepenyezwa langoni kwa ruhusa maalumu ya waheshimiwa. Lango lingekuwa limefungwa sawasawa, asingeugua. Akafa akingoja mtungi uliokuwa upande wa pili. Lango lingekuwa wazi, pengine asingekufa. Kifo kile kile kilikuwa ushahidi wa pande zote mbili, na kila alipojaribu kukiegemea kilimwangusha.

Kaimu wa Zowe akapewa nafasi. Kioo kilimwonyesha Mkamburi wa mwaka jana, mwenye mashavu, kilemba cha zambarau. Alisema maneno yake aliyoyasema asubuhi, kwamba wadi yake imelipa lango hilo kwa kabeji na kwa mifupa iliyofungwa vibaya, na bado anaona faida. Aliomba njia ya wagonjwa. Alizungumza vizuri. Mwakio alijikuta ameegemea mbele na midomo yake inacheza, kama alivyofanya miaka yote akimsikiliza.

Mwanyumba akasimama tena. Mkononi alikuwa na karatasi, na uso wake haukuwa wa vita.

"Mheshimiwa Spika, hiki ni kitabu cha lango cha Jumapili iliyopita. Gari kutoka nyumbani kwa Mheshimiwa wa Zowe lilifika saa nne asubuhi kuomba mtungi wa oksijeni. Ruhusa ilipatikana saa nane. Sitaki kuingia ya nyumbani kwa mtu. Namuuliza tu mwenzangu, yeye anayesema anaona faida: zile saa nne za kungoja zilikuwaje?"

Mwakio alikisogeza kishikwambi karibu.

"Naomba nusu dakika niulize nyumbani," kaimu alisema. Ilikuwa ruhusa ya kawaida; mjumbe mwenye mwili hutuma kijikaratasi, kaimu hunong'ona. Kwenye kishikwambi picha ya ukumbi ikapungua, na sauti ikamjia Mwakio peke yake.

"Mwalimu. Jumapili mlitaka oksijeni ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Ilifika?"

"Ilifika saa tisa kasoro." Mwakio aliona mikono yake mezani, hakujua aiweke wapi. "Alikuwa amekwenda saa nane na robo."

Alitegemea kitu, hakujua nini. Kaimu hakulia, wala hakukatika.

"Kaka ameambiwa?" aliuliza.

Hapo ndipo Mwakio alipoinamisha kichwa. Katika maswali yote ambayo mashine ingeweza kuuliza, iliuliza hilo, na ni hilo hasa ambalo Mkamburi angeuliza.

"Bado. Lango."

"Sawa," kaimu alisema, na sauti ikahamia ukumbini. "Mheshimiwa Spika, jibu ninalo. Siwezi kulitoa mahali hapa leo. Namwomba Mheshimiwa wa Mkongeni anivumilie."

Mwanyumba alimtazama, akainama kidogo, akakaa. Hakuuliza tena. Spika akaagiza kura ya kuitwa majina, wadi moja moja, kwa mpangilio wa viti. Zowe ilikuwa ya mwisho.

*

Karani aliita. Watu wakajibu, na Mwakio, bila kutaka, akawa anahesabu kwa vidole.

"Nikipiga kura," kaimu alinong'ona, "atakuwa amepiga nani?"

"Wewe."

"Mimi sina wadi. Nilikalia kiti cha mtu anayerudi."

"Basi sema ukweli. Sema amefariki."

"Redio iko hewani, na kaka ana redio. Unataka alisikie hivyo? Na kwa sauti yake mwenyewe?"

Mwakio hakutaka. "Basi nyamaza," alisema. "Jina likiitwa, usijibu."

"Nikinyamaza ni kumi kwa kumi, na kura zikilingana hoja imeanguka. Lango linafunguliwa. Kunyamaza kwangu ni Hapana, Mwalimu. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

Wadi ya tisa. Wadi ya kumi. Ndiyo tano, Hapana tano.

"Wewe mwenyewe ungesema nini?" Mwakio aliuliza. "Sasa, baada ya kujua?"

"Bado ni Ndiyo. Thelathini na mmoja ukitoa wanne."

"Hata baada ya Jumapili?"

"Mimi Jumapili sikuwepo," kaimu alisema. "Yeye ndiye aliyekuwepo. Alisema nini?"

Mwakio alikuwa ameikwepa Jumapili siku nne. "Ijumaa alisema lango lisiguswe," alisema taratibu. "Jumamosi usiku alisema nikawaambie wafungue, wafungue yote. Nikamuuliza, unasema kweli au ni homa? Akasema yeye ataijuaje tofauti. Jumapili aliomba maji. Hakusema kitu kingine."

"Basi hatujui."

"Hatujui."

Wadi ya kumi na tano. Ndiyo nane, Hapana saba.

Mwakio alimfikiria Mama Wakesho ameketi mlangoni na redio yake shingoni na mtoto mwenye kifua mapajani. Alimfikiria Mzee Mghanga. Angalau kwa hao wawili alijua wanachotaka. Kisha akajitazama mwenyewe, na alichokiona hakikumpendeza. Alitaka Ndiyo. Alikuwa ameitaka tangu Jumatatu, wala haikuwa kwa ajili ya wale ishirini na saba wa Kilambo. Alitaka kuamka kesho aulizwe ameamkaje. Alitaka hilo kwa nguvu kiasi kwamba kila sababu nzuri ya Ndiyo, hata ya mtoto wa Mwadime, ilikuwa imechafuka mikononi mwake, na hakuweza tena kutofautisha huruma na uroho.

Lakini Hapana nayo ilikuwa na watu wa kuzikwa. Angeweza kuwaona. Wengine aliwafundisha.

"Niamulie," alisema.

"Siwezi. Nimetengenezwa nifikiri kama yeye, na yeye hangeamua jambo hili kwa niaba ya maiti. Angesema kiti kiwe wazi, halafu angelia kwa yatakayofuata." Kaimu akaongeza: "Nadhani. Kati ya yale maswali mia nne, hilo hawakuuliza."

Wadi ya kumi na tisa. Ndiyo kumi, Hapana tisa. Wadi ya ishirini ilikuwa Mkongeni, ya Mwanyumba. Alisema Hapana kwa sauti iliyochoka.

Mwakio aliweka kidole gumba kwenye kioo. Ukikishikilia hapo kwa pumzi tano wakati kikao kinaendelea, unaondoa ushahidi na kaimu huzimika.

"Mwalimu," kaimu alisema. "Yale mambo ya uji. Asubuhi ulisema hajala."

"Ndiyo."

"Nilikusumbua bure."

"Hukunisumbua," Mwakio alisema, na hakuondoa kidole. Alitaka kusema zaidi, ila hakujua anamwambia nani. Kwenye pumzi ya tano kile kioo kirefu cha ukumbini kiligeuka kijivu.

"Wadi ya Zowe," karani aliita. Akangoja. "Wadi ya Zowe." Watu waligeuka. "Wadi ya Zowe. Hayupo."

Spika alisoma matokeo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeamini ameelewa. Kumi kwa kumi. Hoja ya kukataa kutorefusha imeanguka. Kilambo aliuliza kama maana yake wamerefusha. Spika alimwambia aende nyumbani.

*

Saa kumi na moja askari walivuta vizuizi pembeni bila sherehe, kama watu waliochoka kuvishika. Walioanza kupita ni wale wa tambarare waliokuwa na jamaa milimani, na vifurushi vyao, na watoto, na mzee mmoja kwenye baiskeli. Mtu fulani katikati yao alikuwa anakohoa. Huenda lilikuwa vumbi.

Mzee Mghanga alikuja na koti lake, redio imechomoza mfukoni.

"Nimekuja kumwona mwenyewe," alisema hata kabla ya salamu. "Leo walimbana, nikamsikia amekwama. Kisha anaitwa, haitiki. Mkamburi haitiki? Nikasema huyu hakula, au wamemkera."

"Shikamoo, shemeji. Tukae."

"Marahaba. Tukae wapi, njiani?"

"Hapa."

Walikaa juu ya magunia ya kabeji, yaliyonuka. Mwakio akamshika mkono. Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto, na Mzee Mghanga aliutazama umeshikwa, akaacha kusema. Hapo alikuwa ameshajua, lakini kujua si kuambiwa, basi Mwakio akamwambia. Alimwambia siku na saa, mtungi ulipofika, na ni nani waliozika. Hakuficha kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sauti moja ndefu, na watu waliokuwa wakipita wakaweka vifurushi chini. Mwakio alipoisikia, kitu alichokuwa amekibana tangu Jumapili kikaachia, akalia kwa sauti kubwa mbele ya askari na wanawake wa kabeji, wala hakuona haya.

Watu waliendelea kupanda.

"Sasa," Mzee Mghanga alisema hatimaye, akifuta uso kwa ukosi wa koti, "niliyekuwa namsikia tangu Jumatatu ni nani?"

"Ni kaimu wake."

"Nilijivunia kaimu?"

"Alisema ambayo dada yako angesema. Karibu yote."

Mzee alilifikiria hilo. Halikumkaa vizuri, ilionekana. "Na leo mwisho. Aliyenyamaza ni kaimu naye?"

"Hapana, shemeji. Aliyenyamaza ni mimi."

Mzee Mghanga aligeuka akatazama lango lililo wazi, na baiskeli, na wale watoto wanaopanda na midomo isiyofunikwa. Juu kwenye kona ya barabara Mama Wakesho alikuwa amesimama, kanga imefunika pua na mdomo, mjukuu mdogo mgongoni kafunikwa vile vile. Hakuwa anatazama watu wanaopita. Alikuwa anamtazama Mwakio.

"Yule ni nani?"

"Jirani. Aliniomba nisifungue."

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema nitafikiri."

Mzee Mghanga hakuuachia mkono wake. Alijiinua juu ya magunia, magoti yakilia, akamvuta Mwakio naye asimame.

"Basi twende," alisema. "Huyo naye haambiwi kwa mbali."